Pila katikati ya sebule, na mengine nimejifunza kwa mjengo Nairobi

Swali nimeulizwa kuliko lingine lolote tangu niingie kwa hii kazi ya uinjinia wa majengo ni hili: "Madam injinia, hii pila, yaani hii nguzo, haiwezi toka?" Mwenye ploti ameshika ramani, amefika kwa sebule, ameona kale kamraba keusi kamekaa karibu na mahali TV itakuwa na hakataki kabisa. Na mi namwelewa, juu hakuna mtu hujenga nyumba ndio akae akiangalia nguzo, mtu hujenga akifikiria makochi, dirisha, wageni wa Krismasi, venye jua litaingia asubuhi.

Jibu linategemea ameuliza lini. Kama bado tuko kwa karatasi, mi na akitekti na yeye mwenyewe, pila inaweza hama, inaweza lala ndani ya ukuta, inaweza ungana na kuta za ngazi. Kama ameuliza slabu ya tatu, ile sakafu ya konkriti ya kila ghorofa, ishamwagwa, hiyo pila haitoki, na fundi akikuambia inatoka, huyo muogope.

Wacha nieleze ni kwa nini, manake watu wengi hudhani injinia anang'ang'ania pila ndio aongeze gharama. Konkriti yenye chuma ndani, mita moja ya ujazo ni kama tani 2.4 ama 2.5. Slabu ya inchi 6, kila mita mraba ina karibu kilo 370 kabla hujaweka tailsi, kabla hujapandisha ukuta wa mawe juu yake. Watu na vitu vyao, kwa nyumba ya kuishi, tunahesabu kilo 150 hivi kwa kila mita mraba. Sasa pila ya katikati ikibeba eneo la mita 4 kwa 4, na nyumba ni ya ghorofa 6, piga hesabu pamoja na kuta na tailsi uone, unapita tani 60 haraka sana, na zote zinashuka kwa hako kamraba keusi mtu anataka kafutwe. Uzito haupotei hewani, ukitoa njia moja lazima uende kwa nyingine, na hiyo nyingine lazima iwe ilijengwa ikijua mgeni anakuja.

Kwa flati za Nairobi hii shida huanzia chini kwa pakingi. Gari moja linataka kama mita 2.5 kwa 5, kwa hivyo ukitaka magari matatu kati ya pila mbili unahitaji mita 7.5 wazi, lakini huko juu vyumba vya kulala ni vya mita 3 na kitu, kwa hivyo pila yenye inafaa magari inakuja kutokea katikati ya mlango wa mtu ama kwa jikoni. Wengine huamua kuweka bimu kubwa, ile boriti ya kulala, ya kuhamisha uzito juu ya pakingi, kitu ya kama mita nzima kwenda chini, na inawezekana, lakini inakula urefu wa pakingi na inakula chuma na konkriti vibaya. Mi napenda njia ingine. Tunapanga pakingi kwanza, alafu vyumba, tunarudi pakingi, tena vyumba, mpaka pila ziwe bapa, upana wa sentimita 20 na urefu wa 60, zikiwa zimelala ndani ya ukuta wa inchi 8. Ukiingia hiyo nyumba huoni pila hata moja. Ni kazi ya karatasi na kifutio na chai nyingi, haiongezi gharama yoyote kwa saiti, lakini inataka akitekti na injinia wakae meza moja kabla ramani iende kanjo, na hapo ndio wengi hukosea, akitekti anamaliza kuchora, ramani inapitishwa, ndio injinia anaitwa "aweke chuma". Ukiitwa wakati huo huna kitu unaweza saidia nacho kwa upande wa urembo, unabaki tu kuwa mtu wa kusema hapana.

Alafu kuna upande wa pili wa hio furaha. Mtu akishaona pila inaweza kuwa nyembamba anataka iwe nyembamba zaidi. Pila ikipungua lazima chuma kiongezeke, na chuma kikiongezeka nafasi kati ya nondo inabaki ndogo. Kokoto tunayotumia sana ni ya milimita 20, sasa kama nafasi imekuwa finyu kokoto haipiti, inakwama juu, uji wa simiti unashuka peke yake, ukitoa mbao unapata mashimo matupu ndani ya pila, hio ndio tunaita honikomu. Kuna saiti moja upande wa Kasarani nilifika asubuhi ya kumwaga, foremani, mzee ametembea mijengo mingi, akanivuta kando akaniambia, "Madam, hii chuma iko sawa kwa karatasi, lakini kwa hii pila vaibreta haitaingia." Vaibreta ni ile mashine ya kutikisa konkriti ndio ijae kila pembe. Akaniletea vaibreta yenyewe akaisimamisha hapo juu, na kweli kichwa chake hakipiti. Tukasimamisha kazi siku hio, pila ikapanuliwa kidogo kwa upande wa ukuta, chuma ikapangwa upya. Mwenye nyumba alikasirika lori la konkriti lirudi, na namwelewa, lakini fundi asiye na nafasi ya kupitisha vaibreta atafanya kitu moja tu, ataongeza maji ndio konkriti ikimbie, na maji ya kuzidi yanaua nguvu ya konkriti bila mtu kuona. Utakuja kujua kyubu, vile vipande vya kupima vilivyomwagwa na konkriti hio hio, zikipelekwa maabara zivunjwe siku ya 7 na siku ya 28, na siku ya 28 kuna slabu zingine ziko juu yake.

Kwa hivyo nikiangalia ramani sai, kitu ya kwanza naangalia ni kama mtu wa mkono ataweza kuijenga. Urembo wenye fundi hawezi fikia kwa vifaa viko kwa saiti, kwangu bado haujachorwa.

Balkoni ndio zilinifunza hii zaidi. Nairobi tunapenda balkoni, na ni haki yetu, nyumba isiyo na mahali pa kuanika nguo na kupunga upepo jioni si nyumba kamili. Na balkoni nyembamba yenye inatokeza bila nguzo chini ni kitu kizuri kuangalia. Lakini balkoni ya hivyo inafanya kazi kinyume na slabu ya kawaida. Slabu ya kawaida ikilemewa inashuka katikati, kwa hivyo inavutika upande wa chini, na chuma inakaa chini. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu, inavutika upande wa juu. Nyoosha mkono ushike ndoo ya maji, utaskia ile misuli inauma ni ya juu ya bega. Chuma ya balkoni kazi yake iko juu, na lazima irudi ndani ya nyumba umbali wa kutosha ndio ishikwe.

Sasa fikiria siku ya kumwaga. Vijana wanapita na karai na wilbaro juu ya ile chuma, kila mtu anakanyaga. Kama viti vya chuma vya kuishikilia juu ni vichache, mpaka saa nne chuma yote ya juu imelala chini, na hakuna mtu amefanya vibaya kwa makusudi. Kwa slabu ya milimita 150 chuma ikishuka milimita 50 tu unapoteza karibu asilimia 40 ya nguvu ya hio balkoni. Ukipiga plasta, ukaweka tailsi na reli ya stenlesi, itakaa vizuri kabisa kwa picha, ata inaweza kaa miaka, mpaka siku ya sherehe watu wajae hapo kuangalia kitu chini barabarani. Na balkoni haina njia ya pili, haina upande mwingine wa kuegemea, ikienda imeenda yote mara moja.

Hio ndio sababu siku ya kumwaga balkoni sitaki kuwa ofisini. Nakaa hapo juu na tepu, nahesabu viti, naangalia biskuti, vile vipande vidogo vya konkriti vya kuinua chuma kutoka kwa mbao, ziko chini ya chuma, naweka mbao za watu kupitia ndio wasikanyage. Vijana wamezoea, wakiniona na tepu wanaanza kuinua chuma wenyewe. Kuna mmoja aliwahi niuliza kwa nini nasumbuka na kitu ya inchi mbili na nyumba yote ni kubwa hivi, nikamueleza ile ya mkono na ndoo, kesho yake nikamskia akielezea mwenzake vile vile, mkono umenyooka hivi. Nilifurahi sana. Usalama wa hili jiji uko kwa mikono ya hao vijana kuliko kwa stempu yangu.

Udongo nao nitapita haraka juu wengi mnaujua. Ule mweusi wa pamba wa Embakasi, South C, Syokimau mpaka Kitengela hufura mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka, na nyumba ikisimama juu yake bila kuchimba mpaka mahali pagumu, itapasuka kuta ata kama tailsi zilitoka Italia. Mlango wenye unakwama Aprili na kufunguka vizuri Septemba, hio si shida ya fundi wa mbao.

Nikitaka kuonyesha mtu kwamba nguvu, matumizi na urembo vinaweza toka kwa mstari mmoja wa penseli, namwambia aende asimame pale City Square aangalie KICC, lile jumba la mikutano lenye mnara. Walichora Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, ikakamilika 1973, mita 105 kwenda juu. Zile mbavu za wima zimepanda mnara mzima ndizo zinaupa sura, na ndizo zinakinga madirisha jua. Ukizitoa unapoteza kivuli na unapoteza sura kwa pamoja. Nusu karne na zaidi imepita na bado ni picha ya Nairobi kwa noti na kwa kadi.

Alafu tazama majengo mengine yamejaa vioo upande wa magharibi. Saa tisa mchana watu ndani wamefunga mapazia, taa zimewashwa, feni zinazunguka, na hili ni jiji liko juu kiasi cha mita 1,700 hivi, mahali ambapo kivuli na dirisha la kufunguka vinatosha karibu mwaka mzima. Kioo chenyewe si kibaya, kibaya ni kukiweka bila kuuliza jua linatokea wapi. Hapo mtu amelipia urembo mara mbili, kununua na kuuficha na pazia.

Kuna mambo yanafanya nisikubali ile kauli ya kusema urembo ni wa Karen na Runda, na sisi wa Eastlands tuombe tu jengo lisianguke. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha sana, jengo la ghorofa 6 lilianguka Huruma, lilikuwa karibu na mto na lilikuwa lishawekwa alama ya kubomolewa, watu 52 wakafa. Mtoto mchanga alitolewa kwa kifusi akiwa hai baada ya saa kama 80. Mi nikikumbuka hio wiki nakumbuka watu walikuwa wanalipa kodi ya kila mwezi kwa chumba kimoja, na kile walinunua kwanza, kabla ya maji na stima, kilikuwa ni paa lenye halitawaangukia.

Lakini siamini walistahili hicho peke yake. Chumba cha kupanga kinaweza kuwa kizuri bila hela nyingi. Ukiacha ua mdogo katikati ya ploti, badala ya kujenga ukuta kwa ukuta na jirani, mwanga unashuka mpaka chini, nguo zinakauka, jikoni haina ukungu, mama anaona mtoto akicheza. Na huo ua unasaidia mpaka upande wangu, juu jengo linakuwa na safu za vyumba nyembamba, slabu zinakuwa fupi, pila zinapangana kwa mistari iliyonyooka kutoka chini hadi juu. Ngazi ikiwa pana ya watu wawili kupishana, mtu anaweza shusha godoro akihama, na siku ya moto watu wote wanaweza shuka. Sijui nani alianzisha ile imani kwamba mwanga ni anasa. Nenda flati zingine za Pipeline saa sita mchana, ghorofa ya chini watu wamewasha taa kukata sukuma. Landilodi ataniambia kila futi ni kodi, na ni kweli, lakini nimeona pia vyumba vya giza vikikaa bila mtu, na vyenye mwanga vikiwa na foleni ya watu wanangoja.

Kitu kingine kinanisumbua hapa kwetu ni jengo kubadilisha kazi kimya kimya. Flati inageuzwa shule, ghorofa ya kwanza inageuzwa kanisa, juu kunaongezwa ghorofa mbili, tanki la lita 10,000 linapandishwa kwa paa, na hilo likijaa ni tani 10 zimekaa mahali pamoja. Darasa tunalihesabia kilo 300 kwa mita mraba, ukumbi wa watu kusimama na kuruka ni kama 500, na ile slabu ilichorewa 150 ya nyumba ya kuishi. Hakuna kitu kimeonekana kuharibika, rangi ni mpya, bango ni zuri, lakini hesabu ishabadilika. Seoul kulikuwa na duka kubwa la Sampoong, lilianza kwa ramani ya kazi ingine, likageuzwa duka, pila zingine zikakatwa kupisha ngazi za umeme, zingine zikapunguzwa unene, wakaongeza ghorofa ya 5 ya mikahawa, na mitambo mizito ya kupoza hewa ikavutwa juu ya paa. Nyufa zilionekana, duka likaendelea kuuza. Tarehe 29 Juni 1995 likaanguka, watu 502 wakafa. Kila moja ya hayo mabadiliko mtu aliomba kwa sababu inaeleweka, nafasi zaidi, wateja zaidi, mwonekano mpana bila nguzo. Ndio maana nikiulizwa "hii pila haiwezi toka" kwa jengo linatumika, siwezi jibu nikiwa nimesimama, nataka kwanza kuona michoro ya zamani na kujua juu kuna nini sai.

Kazi yenye niko nayo wakati huu ni ya kanisa, na ndio imenifanya niandike haya yote. Wanataka galari ndani ya ukumbi, watu wakae juu na wamuone mchungaji, na kamati ilisema kutoka mwanzo hawataki nguzo hata moja mbele ya macho ya mtu. Mwaka huu wameniita mapema, nawashukuru sana kwa hilo. Tumekaa na akitekti, pila zimerudi nyuma mpaka kwa mstari wa chumba cha fundi wa sauti, na bimu za chuma zinapanda kwa mteremko kama viti vyenyewe vinavyopanda, alafu zinatokeza mbele kidogo. Kubeba uzito haikuwa shida. Shida ilikuwa ni wakati wa nyimbo za sifa. Watu mia kadhaa wakiruka pamoja kwa mdundo wanapiga sakafu kama mara 2 kila sekunde, na sakafu yenye haiwezi vunjika bado inaweza tetemeka mpaka mama mzee ashike kiti na akatae kurudi huko juu tena. Kwa hivyo bimu ni nene kuliko uzito ulivyotaka, tumezifanya ngumu ndio mtikisiko wake wa asili, ile kasi sakafu hutetemeka yenyewe ikiguswa, uwe mbali na ule wa watu, na akitekti akachukua huo unene akaufanya ndio sura ya galari.

Mahali bado hatujakubaliana ni jipsamu, zile bodi nyeupe za dari. Wengine kwa kamati wanataka bimu zifunikwe zikae laini na nyeupe. Mi nataka ziachwe wazi, zipakwe rangi ile maalum inavimba moto ukifika, juu chuma ikifika joto la nyuzi 550 hivi inabaki na kama nusu ya nguvu yake, na zikiwa wazi mtu yeyote akiinua macho Jumapili ataona kutu ikianza, ataona bolti imelegea, ataona paa ikivuja. Na ni bimu nzuri, zimepangana vizuri, sioni kwa nini zifichwe.

Kamati inakaa Jumapili baada ya ibada ya pili. Mhazini ashaniambia nilete bei ya hio rangi na bei ya jipsamu kwa karatasi moja. Kijana wa kwaya naye ameniuliza kama anaweza fungia taa zake kwa zile bimu, nimemwambia anitumie kwanza uzito wa kila taa na idadi yake.